Kipimo cha Mvuvi wa Mshipi

Kazi nyingi za mikono zina kipimo kinachoonekana kwa macho. Seremala akiendelea katika ufundi wake, milango anayoitengeneza mwaka huu hufunga vizuri kuliko ile ya mwaka jana. Mkulima wa mikorosho akijua kupogolea na kupulizia salfa kwa wakati wake, magunia yatamsemea. Mwalimu, nami niliifanya kazi hiyo mpaka nilipostaafu, hupimwa kwa mitihani ya wanafunzi wake, japokuwa kipimo hicho kina maneno mengi. Lakini mvuvi wa mshipi apimwe kwa nini?

Watu hujibu upesi: kwa samaki. Ukirudi na wengi wewe ni hodari, ukirudi mikono mitupu wewe ungali mwanagenzi. Nimeishi na jibu hilo kwa zaidi ya miaka 50, na kadiri ninavyozeeka ndivyo linavyozidi kunisumbua. Maana ukweli wangu, ndugu msomaji, ni huu: nilipokuwa mtoto nisiyejua lolote tulirudi na samaki wengi, na leo ninapojua mengi ninarudi na wachache. Tukitumia kapu kuwa kipimo, basi nimekuwa nikirudi nyuma tangu siku niliyoanza. Nami sikubali kwamba nimerudi nyuma. Katika kurasa hizi nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwetu ni Madimba, katika barabara itokayo Mtwara mjini kupitia Mangamba na kuishia Msimbati. Siku hizi jina la Madimba linajulikana nchini kwa sababu ya mtambo wa kusafisha gesi uliozinduliwa mwaka 2015, ambao hupokea gesi ya Ghuba ya Mnazi na kuipeleka kwa bomba hadi Dar es Salaam. Lakini bahari ilikuwapo kabla ya gesi, na hata leo mtu wa hapa akitaka kitoweo hupanda baiskeli au pikipiki, akateremka Msimbati kutafuta mtumbwi. Bahari ile si ya kuchezewa. Kusini yake ndipo Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, unapomwaga maji yake kati ya misitu ya mikoko, na majira ya mvua tope lake huonekana mbali. Kwa upande wa nje, mkondo mkubwa unaotoka mashariki katika Bahari ya Hindi huja kugonga pwani hii karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika. Sehemu moja hupanda kaskazini kuelekea Kenya, nyingine hushuka kusini kupita pwani ya Msumbiji. Wazee wetu hawakuyasoma hayo katika kitabu chochote, lakini walijua kwamba maji ya huku yana njia mbili, na kwamba mtu asiyejua yuko katika njia ipi hana budi kukaa karibu na nchi kavu.

Aliyenifundisha kuvua ni mjomba wangu, kaka yake mama. Kwa desturi yetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto, naye alinichukua nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ng'ambo ya Ruvuma wakati ule kulikuwa na vita vya ukombozi, na hatukusogelea mdomo wa mto. Tulivua ndani ya ghuba tu. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Mwezi wa kwanza hakunipa ndoana. Alinipa mshipi wenye chubwi peke yake, akaniambia niushushe mpaka chini, niunyanyue kidogo, niushushe tena, kisha nimwambie ninaona nini.

"Shikamoo mjomba," nilimwambia siku ya tatu, "huku chini sioni kitu."

"Marahaba. Huoni kwa sababu unatumia macho. Ukiwa mtumbwini, jicho lako ni kidole."

Ndivyo nilivyojifunza sakafu ya bahari kabla sijamjua samaki hata mmoja. Penye mchanga chubwi hutua kimya, na ukiinyanyua huondoka kwa uzito kidogo, kama mguu utokao matopeni. Penye majani ya bahari hutua kwa ulaini, na mshipi hukwaruza ukipanda. Penye jiwe hugonga, na mgongo huo hupanda hadi kwenye kiwiko. Penye matumbawe yaliyo hai hugonga pia, lakini kwa sauti nyingine, kama mtu agusaye chungu, na chubwi hupenda kunasa. Mjomba alikuwa akiangalia pembeni huku mimi nikisema, "Mchanga, mchanga, majani, jiwe," na aliposikia ninataja kwa haki alipiga kafi moja mbele, tukaendelea. Nimekuwa mwalimu miaka mingi na nimehudhuria semina nyingi za ufundishaji, lakini sijaona somo lililopangwa vizuri kuliko lile.

Baada ya sakafu ndipo wakaja samaki wenyewe. Msomaji asiyevua huenda akadhani kwamba samaki ni samaki, akigusa chambo unavuta. Sivyo. Tasi hula kwa kudonoa kidogo kidogo kama kuku. Changu hugonga mara mbili, akanyamaza, kisha huondoka nacho. Kikande ni mwizi. Humaliza chambo chote na mshipi usitikisike, na dalili yake pekee ni kwamba mshipi umekuwa mwepesi. Chewa hagongi. Yeye huja mara moja kutoka pangoni mwake, akameza, akageuka kurudi alikotoka, na ukimpa nafasi ya urefu wa mkono mmoja amekwisha kuingia ndani na kutanua mapezi, nawe utakata mshipi. Kolekole hukimbia kwa nguvu kwenda nje, na huyo hushindwa kwa kumwachia na kumrudisha, kumwachia na kumrudisha, mpaka achoke. Kila mmoja anataka ndoana ya kiasi chake, chambo chake na mkono wake. Ngisi mbichi anafaa karibu kwa wote, ila mjomba alipenda kusema kwamba chambo bora ni kile ambacho samaki wa mahali pale amekula asubuhi ile. Kwa hiyo samaki wa kwanza alimpasua tumbo hapo hapo mtumbwini ili aone ndani mna nini, kaa au kamba au dagaa, kisha akachagua chambo.

Somo la tatu lilikuwa maji, na hilo sijalimaliza mpaka leo. Kila mtu wa pwani anajua kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kwamba kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Anajua pia bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Na maji mafu katikati yake, yanapotembea kwa uvivu. Lakini kujua hayo ni kama kujua alfabeti. Kusoma ni jambo jingine. Katika bamvua mkondo wa ghubani huwa mkali hata chubwi nzito haifiki chini wima, na mvuvi wa mshipi akienda kwenye kina kirefu siku hiyo atachoka bure. Siku hiyo afadhali akae kwenye maji mafupi, pembeni mwa fungu, maji yanapoingia na kuwaleta samaki kula juu ya majani. Maji mafu ndiyo ya miamba ya mbali. Na katika siku yoyote, zipo dakika chache maji yanaposimama kabla ya kugeuka, ambapo samaki waliokuwa wamefunga vinywa huanza kula kwa pamoja. Mvuvi mgeni hushindwa kujua dakika hizo zimefika. Mvuvi mzoefu hutazama mtumbwi wake unavyogeuka juu ya nanga.

Tena ipo pepo. Kusi ikishika, kuanzia Aprili au Mei hadi karibu na Oktoba, bahari ya nje huchafuka na mitumbwi hubaki ndani. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huja na siku zake nzuri na siku zake za ghafla. Kati ya pepo hizo mbili kuna majuma ya shwari ambayo kila mvuvi huyasubiri mwaka mzima.

Nilipoajiriwa kuwa mwalimu nilianza kuandika. Nilinunua daftari la mistari, na kila nilipotoka baharini, jioni za Jumamosi na siku za likizo, niliandika umri wa mwezi, upepo, mahali, kina kwa pima, chambo, na tulichopata. Mjomba alicheka. "Unamwandikia samaki barua?" aliniuliza. Yeye kichwa chake kilikuwa daftari tosha. Lakini mimi nilikuwa mtu wa shule, na nilitaka kujua kama ninaendelea. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipoadimika, madaftari yenyewe yalikuwa shida, na ndoana zilikuwa shida zaidi. Tulichonga ndoana kwa spoki za baiskeli, tukazinoa kwa jiwe, na chubwi zetu zilikuwa plagi kuukuu za magari. Mshipi wa nailoni uliokatika ulifungwa fundo na kutumiwa tena mpaka ukawa na mafundo kama rozari. Hata hivyo kurasa za miaka ile zimejaa samaki.

Mahali petu pa kuvulia palikuwa jiwe moja la pima saba, nje kidogo ya majani. Jiwe la baharini halina kibao. Tulilipata kwa alama: mbuyu fulani wa ufukweni ukae nyuma ya mnazi uliopinda, na wakati huo huo ncha ya mikoko ya upande wa pili ikutane na kisiwa. Alama mbili zikikaa sawa, teremsha nanga. Ule mnazi ulianguka zamani, na mbuyu sasa umezibwa na nyumba. Usiku huu wa leo alama yangu moja ni mwanga wa mtambo wa gesi unaoonekana upande wa Madimba juu ya miti. Mjomba angeshangaa kusikia kwamba kijiji chake kimekuwa taa ya wavuvi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka hadi mwaka kidole changu kiliongeza maarifa, na mwaka hadi mwaka kurasa za daftari zilipungua samaki. Sababu si siri kwa mtu yeyote wa pwani hii. Watu wameongezeka, na walaji wa mjini wameongezeka kuliko wavuvi. Makokoro yalikokotwa juu ya majani na kuzoa vitoto vya samaki. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa, tangu Kenya hadi Msumbiji. Na juu ya yote ilikuwako baruti. Ilipigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 1970, lakini miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ikisikika huku kusini kama ngoma za jirani. Vijiji vya pwani ya Kilwa, Lindi na Mtwara viliungana katika miaka ya 1990 kupambana nayo, wakaunda chama walichokiita Shirikisho. Mwaka 2000 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba zipatazo 650, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Wengine waliipokea vizuri, wengine waliona wamenyimwa bahari ya babu zao, na mabishano hayo yaliingia hata ndani ya nyumba moja. Hata hivyo baruti iliendelea kusikika miaka mingi baadaye.

Kwa wasioijua, baruti haichagui. Mshindo wake hupasua vibofu vya hewa vya samaki, wakubwa na wachanga, waliwao na wasioliwa, na wengi wao huzama badala ya kuelea, hata mpigaji mwenyewe hawapati. Matumbawe huvunjika kuwa kokoto. Kokoto hizo huviringishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika mizizi juu ya kitu kinachoviringika. Kwa hiyo jiwe lililopigwa hukaa makumi ya miaka likiwa jangwa. Mara ya kwanza niliposhusha chubwi juu ya jiwe letu baada ya kupigwa, kidole kiliniambia kitu ambacho hakikuwamo katika masomo ya mjomba. Chubwi haikugonga kama jiwe wala kama chungu. Ilikwaruza, kama mtu akanyagaye vigae.

Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 1952 kitabu kidogo kuhusu mvuvi mzee wa Cuba aliyekaa siku 84 bila kupata samaki. Nilikisoma nikiwa mwalimu kijana. Wakati ule nilimwonea huruma mzee yule kwa bahati yake mbaya. Nilipokisoma tena uzeeni niliona jambo jingine: mwandishi anatuonyesha waziwazi kwamba mzee huyo ndiye anayeshusha mishipi yake kwa uangalifu kuliko wote. Ni hodari, na kapu lake ni tupu. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja katika mtu mmoja.

Na mtaalamu wa samaki Daniel Pauly aliandika mwaka 1995 jambo ambalo lilinigusa zaidi. Alisema kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huchukua hali ya bahari waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo hali ya kawaida, na hupima upungufu kuanzia hapo. Wanaofuata huanza kupima chini zaidi. Hivyo bahari hupungua na hakuna anayeona imepungua kiasi gani, kwa kuwa kila mmoja ana mwanzo wake. Nikisema hivi kwa lugha ya kijijini: mtoto aliyezaliwa nyumba ikiwa imeezuliwa nusu hudhani nyumba zote huwa hivyo.

Jambo hili lilinijia nyumbani mwangu mwaka 2014. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na mtoto aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, na wakati ule ada na michango ilikuwa bado inalipwa. Msimu wa samaki ulikuwa mbaya. Akaja jioni, akakaa ukumbini, na baada ya salamu akasema kuna watu wanautaka mtumbwi wangu usiku mbili kila juma. Hawataki mimi niende. Wataurudisha alfajiri, na malipo ya usiku mmoja yalikuwa zaidi ya nilichoweza kupata kwa mshipi mwezi mzima. Hakutaja kazi ya mtumbwi, wala sikuhitaji kuuliza.

"Mjomba," aliniambia kwa heshima, huku akitazama chini, "nimekaa nawe mtumbwini tangu mdogo. Hakuna mtu anayeijua bahari hii kama wewe. Lakini maarifa yako hayajazi kapu, na shule haipokei maarifa."

Maneno hayo yalikuwa na uzito, maana yalikuwa ya kweli. Ningeweza kumtajia sheria. Ningeweza kumtajia watu tunaowafahamu wote wawili waliopoteza mikono kwa chupa iliyolipuka kabla ya kutupwa. Aliyajua yote hayo. Nilinyanyuka nikaleta madaftari, nikamwomba anisomee, kwa kuwa macho yangu hayakuipenda taa ile. Nilimpa ukurasa wa jiwe la pima saba wa mwaka 1981, kisha wa 1991, wa 2001, wa 2011, yote ya mwezi mmoja na maji ya aina moja.

Alisoma kwa sauti. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na chewa watatu, mmoja wao nimeandika "urefu wa mguu wa mtu," na changu hata sikuwahesabu, niliandika "tenga moja na nusu." Katika wa pili chewa alikuwa mmoja. Katika wa tatu hakuwapo. Katika wa nne palikuwa na vikelea vinne na mkundaji.

"Mjomba, hapa? Jiwe hili hili palikuwa na chewa?"

Hakuwa amewahi kumwona pale. Yeye alilikuta jiwe hilo likiwa na vikelea, na kwake hilo ndilo lilikuwa jiwe. Alidhani wazee tukizungumzia chewa tunanogesha hadithi kama wavuvi wafanyavyo. Alirudi ukurasa wa kwanza akausoma tena, kimya, kisha akauliza, "Sasa wamekwenda wapi?"

"Mshipi unachukua samaki," nilimwambia. "Baruti inachukua samaki na nyumba yake. Mtu akifiwa na mtoto huzaa mwingine, lakini azalie wapi kama nyumba imebomoka?"

Sikumpa mtumbwi. Wala sitaki kukuaminisha, msomaji, kwamba kurasa nne za daftari zililipa ada. Ada ililipwa na ukoo, kila mtu kidogo, nami nilitoa fedha yangu ya korosho ya msimu ule, na mwaka huo bati la nyumba halikununuliwa. Watu wale walipata mtumbwi mwingine, mitumbwi haikukosekana. Usiku wa tatu tukasikia mshindo. Mpwa wangu alikuwa amekaa nje nami, akanyamaza. Baruti haikupungua kweli mpaka ulipofika msako mkubwa wa vyombo vya serikali uliofuata mwaka 2016. Hata sasa jiwe letu halijawa kama lilivyokuwa, ingawa chubwi imeanza kugonga mahali fulani badala ya kukwaruza.

Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiri upya juu ya kipimo. Nimeona kwamba mvuvi asiyejua na mvuvi ajuaye wote hurudi mikono mitupu, lakini hawarudi sawa. Wa kwanza analaumu bahati. Wa pili anajua kwa nini: maji yaligeuka mapema, au upepo ulitia tope la mto ghubani, au jiwe lile limekufa. Na siku wanaporudi na samaki pia hawarudi sawa, maana ajuaye kuna alichoweza kuchukua akakiacha. Mimi natumia ndoana kubwa kuliko inavyohitajika, kusudi wadogo wasiweze kuimeza. Nimejifunza vitabuni kwamba chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao wakikua hugeuka madume, kwa hiyo anayewatafuta wakubwa tu huondoa madume na kuacha mwamba wa wajane. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mjomba. Ilikuwapo kona moja ya mwamba ambayo kwa siku chache za mwezi, katika majira fulani, hakwenda kamwe, ijapokuwa alijua samaki wamejaa. Nilipomuuliza alisema, "Wako harusini. Mtu haendi harusini na kisu." Hakuwa amesoma kitabu chochote, na alijua kwamba samaki wa miambani hukusanyika kwa kufuata mwezi ili wazae. Kapu lake halikuonyesha maarifa hayo. Yalionekana katika kapu tusilolileta nyumbani.

Uzee nao umeleta kipimo chake. Kidole changu cha shahada kimeota sugu nene kwa kusuguliwa na nailoni, na damu haifiki huko kama zamani. Changu nikimpata namsikia. Chewa, kama angekuwapo, ningemsikia. Tasi simsikii tena. Mtu akisema kwamba kuvua ni mkono, basi mimi nimekwisha. Lakini mpwa wangu, ambaye siku hizi anaendesha pikipiki kati ya Madimba na Mtwara, katika maji mafu huacha abiria wake akaja tukaenda pamoja. Kidole chake ni kikali kuliko changu kilivyowahi kuwa. Ananiambia, "Mjomba, anadonoa," nami namwambia, maji yakiwa katika hali hii na mwezi ukiwa na umri huu, huyo ni tasi, mwachie kidogo, usimvute bado. Mara nyingi huwa ndiye. Katika mtumbwi mmoja kuna kidole chake na kumbukumbu yangu, na ukituhesabu kama mvuvi mmoja, basi mvuvi huyo anaendelea.

Daftari la sasa anaandika yeye, maana mwandiko wangu umeanza kutetemeka. Anaandika umri wa mwezi, upepo, mahali na kina, kama nilivyofanya mimi. Siku tusizopata kitu anaziandika pia, pamoja na sababu.